Kitufe cha Kidole Gumba

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Shangazi ametangaza. Magoti yamemchosha, hawezi tena kusimama nyuma ya kamera kutwa nzima. Kuanzia wiki ijayo anataka kukaa kwenye kiti chake karibu na mlango, apunge upepo, wengine wafanye kazi. Kwa hiyo studio itakuwa na mpiga picha mkuu. Mkuu! Neno hilo lilinizunguka kichwani mpaka nikasahau kumjibu mteja aliyekuwa akiniuliza kama picha zake za pasipoti ziko tayari.

Tatizo ni kwamba tuko wawili. Mimi, mtoto wa kaka yake, msanii. Na binti yake wa kumzaa, binamu yangu, ambaye nimempa jina la Bonyeza kwa sababu kwenye kamera hajui lingine. Anaweka kila kitu kwenye otomatiki, anapiga soga na mteja, anabonyeza, basi. Niliwahi kumwuliza kama anajua gurudumu la nyuma la kamera lina kazi gani. Akasema linamkwaruza kidole. Mtu wa namna hiyo!

Shangazi hataki aje aambiwe kampendelea mwanawe. Amesema Bibi ndiye atakayeamua. Bibi ni mama yake, na ni mama wa baba yangu, anaishi nasi hapa hapa, chumba cha uani. Tangu Babu afariki hajakubali kupigwa picha hata moja. Akiona lenzi tu anavuta mtandio usoni. Ila wiki hii, ajabu, kakubali mwenyewe. Amesema umri umekwenda, anataka picha moja ya kubaki nayo, akiitazama ajione yeye. Bonyeza atampiga Ijumaa, mimi Jumamosi. Picha atakayoipenda itatundikwa dirishani na aliyeipiga ndiye mkuu. Atakayeshindwa atakuwa mkata pasipoti, siku zote, kule kwenye kona yenye kikata karatasi.

Nilikwenda kumwamkia Bibi. Akasema, haya mume wangu, usije ukanitoa kama mgonjwa. Huniita mume wangu tangu sijaota meno, utani wa bibi na mjukuu. Nikamjibu, mke wangu, utatoka malkia. Akacheka kwa pua.

Mchana nilikaa kwenye stuli ya wateja, mikono mapajani. Nikaliona kichwani jina langu limeandikwa juu ya mlango. Herufi za buluu, zenye kivuli kidogo upande mmoja. Vumbi lilikuwa likielea kwenye mwanga wa dirishani, polepole, halina haraka na mtu. Nilikaa hapo mpaka Shangazi akauliza kama nimelipia hiyo stuli.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo. Lilinijia nikiwa napangusa kamera.

Studio ina kamera moja tu, tunaitumia sote. Bonyeza huilalamikia kila siku. Anasema mgongoni ina vitufe vingi, vyote vidogo, vyote vyeusi, vyote vya duara. Ukivipapasa bila kuangalia, hujui kipi ni kipi. Kitufe cha kutazama picha kimekaa ubavuni mwa kitufe cha kufuta, na yeye ameshafuta harusi nzima ya watu kwa sababu hiyo. Kwa maoni yake, aliyeipanga kamera hii hajawahi kusimama mbele ya mteja. Kamera ingetakiwa vidole viijue vyenyewe, ili macho yabaki kwa mtu anayepigwa.

Nilimwambia kamera si swichi ya taa. Ugumu wake ndio heshima yake. Kamera nzuri ni ile inayomkataa mgeni.

Nikasikia nilichokisema. Inayomkataa mgeni! Nikaketi.

Nikafungua menyu. Nikaingia ndani, nikaingia ndani zaidi, mahali ambapo nadhani hajafika mtu tangu kamera hii inunuliwe. Kumbe kila kitufe kinaweza kupewa kazi nyingine! Chukua kitufe cha juu, cha kupigia. Kina kazi mbili. Ukikigusa kidogo, kinalenga, yaani sura inakaa wazi. Ukikididimiza, kinapiga. Naweza kukinyang'anya ile kazi ya kulenga na kuipeleka kwa kitufe cha nyuma, pale kinapolala kidole gumba. Asiyejua atabonyeza, kamera italia klik vizuri kabisa, na hakuna kitakacholengwa.

Huu si uhuni. Wapiga picha wakubwa hufanya hivyo hivyo kwa raha zao. Ni sanaa. Kama binamu hajui sanaa, nifanyeje?

Jumatano, 5 Machi

Nimetenda. Bonyeza alikwenda kununua karatasi, Shangazi alikuwa anasinzia mlangoni. Kulenga kumehamia kwenye kidole gumba.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa busara. Lakini nilinogewa. Nikageuza na magurudumu, la mbele likafanya ya nyuma, la nyuma likafanya ya mbele. Nikayageuzia na mwelekeo, ukizungusha kwenda kwenye mwanga unakwenda gizani. Kitufe kimoja nilikipa kazi ambayo mpaka sasa siikumbuki. Kazi safi sana.

Baadaye nikajilaza nyuma ya pazia kubwa la picha, usingizi ukanichukua. Nikaota niko ndani ya kamera. Kulikuwa na ukumbi mrefu wenye milango ya duara, myeusi, haina maandishi. Nikawa napapasa mlango baada ya mlango. Nyuma ya mmojawapo Bibi alikuwa anaimba, sauti inakuja na kupotea, na mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo, nilikuwa napita tu, miguu haigusi chini. Ndoto tamu. Nikaamshwa na kiatu cha Shangazi. Akataka kujua ninafanya nini chini. Nikamwambia napima mwanga. Akasema mwanga huo unakoroma.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yalitaka kuharibika. Kaingia dereva wa lori, anataka pasipoti, ana haraka. Bonyeza akanyoosha mkono achukue kamera. Angeigusa leo angegundua leo. Nikamwahi, nikasema apumzike, nitampiga mimi.

Kidole gumba kikaenda kwenye kitufe chake. Vizuri. Nikazungusha gurudumu niongeze mwanga. Giza. Nikazungusha tena. Giza zaidi. Nikalikumbuka gurudumu la pili, nikazungusha hilo, sijui lilifanya nini. Dereva akauliza kama kamera ni yangu au nimeazima. Nikampiga hivyo hivyo. Akaitazama picha, akasema akionyesha hii mpakani wataomba tochi. Akaondoka.

Shangazi akaja juu. Nikasingizia taa. Maskini, akapanda kwenye kiti na magoti yake yale, akabadilisha taa iliyokuwa nzima.

Bonyeza hakunicheka. Hilo ndilo lililoniudhi. Aliniletea chai, akasema labda nimechoka. Akasema hata mimi nikiwa mkuu yeye hana kinyongo, anachotaka ni Bibi apate picha yake, maana tangu msiba nyumba imekosa kicheko. Kisha akatoa plasta ya kidonda kwenye mkoba. Akapendekeza abandike vipande vidogo kwenye vitufe muhimu, kila kimoja kiwe na umbo lake, ili mtu avijue kwa kugusa. Sote wawili tungefaidika, alisema.

Nikamwambia kamera haina kidonda. Akarudisha plasta yake mkobani. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha, kama ninavyopenda, na nilipoimaliza nilijisikia vibaya kwa muda.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu ya Bonyeza. Nilikaa kwenye kona nikijifanya nanoa kisu cha kikata karatasi.

Hakumweka Bibi chini ya taa. Alimvutia kiti karibu na dirisha, pazia jeupe nyuma yake, mwanga wa asubuhi ukimmwagikia begani. Hakumwambia atabasamu. Alimwuliza tu Babu alimtongozaje. Bibi akasema hayo hayasemwi mbele ya watoto, kisha akayasema yote. Bonyeza alikuwa kashikilia kamera kifuani, wala haitazami, anamtazama Bibi. Mara moja moja anaiinua, klik, anaishusha, na maneno hayakatiki. Na Bibi akacheka. Si kile cha puani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tumzike Babu.

Nilitaka kusema kitu. Kusema kweli nilisimama kabisa. Ningesema tu, binamu, hebu bonyeza na hicho cha nyuma. Maneno mepesi. Lakini nikayaona yale maandishi ya buluu juu ya mlango, nikaketi.

Bonyeza akaja kunionyesha kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Kwenye kioo cha ukubwa ule kila picha ni nzuri. Nikamsifu, nikamsifu tena, mpaka Shangazi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso aone kama nina homa.

Niliona haya. Yakapita baada ya chakula.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu yangu. Nilivaa koti. Nilimweka Bibi katikati, chini ya taa zote, mgongo wima, kidevu juu. Nikamwambia asipumue sana.

Kidole gumba kikaenda kwenye kitufe chake. Au jirani yake. Vyote vya duara! Kamera ikafungua menyu. Nikabonyeza kuifunga, ikaniuliza jambo, nikakubali, maandishi yote yakageuka ya lugha ambayo sijawahi kuiona hata kwenye kopo. Jasho. Bibi alianza na tabasamu zuri sana, Shangazi kaniambia. Mimi sikuliona, nilikuwa nimeinamia kamera. Akauliza, mume wangu, umepoteza nini humo ndani? Nikasema natafuta sanaa. Bonyeza akasogea anisaidie, nikamfukuza kwa kiwiko.

Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa anatutazama kama mtu anayesubiri sindano. Lakini nimeipata! Kidole gumba, kitufe, klik. Nilimpiga moja tu, lakini imelengwa hasa. Kila mkunjo uko pale. Uzi wa kola unaonekana. Nywele moja ya kidevuni inaonekana. Ukitaka kumhesabia kope, hesabu.

Jioni Shangazi akachapisha picha zote mbili kwa ukubwa wa dirishani. Yangu ikatoka kwanza. Shangazi akaguna, akasema kweli ni mama huyu. Kisha ikatoka ya Bonyeza.

Ukungu mtupu! Pazia la nyuma limetoka wazi mpaka nyuzi zake, na mbele yake Bibi ni mwanga tu wenye mtandio. Bonyeza aliiangalia, akaziba mdomo kwa kiganja. Akasema ameharibu. Akasema Bibi hatakubali tena kukaa, ilikuwa nafasi moja, na yeye kaiharibu. Akatoka uani. Mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliye msibani, nikanyoosha koti langu. Ndani nilikuwa nacheza ngoma, ingawa nilipopita uani na kumwona ameegemea ukuta anafuta macho, ngoma ilipungua kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Sina hali. Hata hivyo nitaandika.

Tulikusanyika chumbani kwa Bibi. Alipewa yangu kwanza. Aliisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Akasema ahsante, imetoka vizuri. Akauliza kama huyu mama keshapata matibabu. Kisha akailaza kitandani, uso chini. Nikajipa moyo kwamba amezidiwa na hisia.

Akachukua ya Bonyeza. Bonyeza alikuwa tayari anaomba radhi. Bibi hakumsikia. Chumba kizima kikatulia, saa ya ukutani tu ndiyo iliyokuwa inatembea, na mwanga wa dirisha ukawa umelala kwenye shuka. Bibi akatabasamu, akaipapasa ile picha kwa kidole. Akasema polepole, hii ni kazi ya mume wangu.

Mume wangu! Nani anaitwa hivyo nyumba hii kama si mimi? Nikaruka. Nikasema ndiyo Bibi, ni kazi yangu!

Shangazi akaniambia nikae, picha hiyo kapiga Bonyeza. Nikasema kidole tu ndicho cha Bonyeza, huo ukungu ni wangu mimi! Wakanitazama. Nikawaeleza. Nikawaeleza vizuri kabisa, kwa ishara za mikono, ili haki yangu isipotee. Nilivyoingia kwenye menyu. Nilivyokinyang'anya kitufe cha juu kazi yake nikakipa cha kidole gumba. Nikaongeza na magurudumu, ambayo hakuna aliyeniuliza. Nikamalizia kwa kusema kwamba bila mimi picha hiyo ingetoka wazi, safi, isiyo na maana yoyote.

Ndipo nikajisikia. Mdomo huu! Bonyeza alikuwa ananikodolea macho. Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu. Shangazi alikuwa anaangalia magoti yake, nadhani anaikumbuka ile taa.

Bibi peke yake hakushughulika na mimi. Alimwagiza Bonyeza mkoba ulioko mvunguni. Ulikuwa na picha, za zamani, zimekunjamana pembeni. Bibi akiwa msichana mlangoni. Bibi na ndoo. Bibi na mtoto mchanga, ambaye ni baba yangu. Na zote, kila moja, ukungu mtupu! Mti wa nyuma umelengwa, ukuta umelengwa, Bibi ni mwanga tu.

Babu alikuwa na kamera ya zamani, Bibi akasema, yenye pete kwenye lenzi. Ilibidi uizungushe kila unapotaka kupiga, la sivyo mtu hatoki. Babu alikuwa anaijua sana hiyo pete. Waliokuja kupigwa wote aliwatoa wazi. Ila akimpiga yeye Bibi, anasahau kuizungusha. Wakwe wakamcheka. Wenzake wakamcheka. Siku moja Bibi akamwuliza kwa nini kwake yeye tu. Akamjibu, nikikutazama wewe sina habari mkono wangu uko wapi.

Bibi akasema kwamba baada ya Babu kufa hakutaka picha kwa sababu alijua sasa zitatoka wazi.

Tukalia. Shangazi alilia, Bonyeza alilia, na mimi nililia, kwa sababu nampenda Bibi na kwa sababu nilikuwa nimeshaona ninakokwenda. Bibi akamvuta Bonyeza, akamwambia macho yako yalikuwa kwangu, niliyaona. Mimi akanipiga kofi dogo la shavuni. Akasema na wewe, mume wangu, ni mpumbavu, lakini umemleta mume mwenzio, babu yako, anisalimie.

Bonyeza ni mkuu.

Jumatatu, 10 Machi

Picha iko dirishani. Asubuhi watu walikuwa wanasimama njiani kuitazama, wanainamisha vichwa upande mmoja, halafu wanaondoka taratibu kama waliosahau walikokuwa wanakwenda. Bi harusi mtarajiwa ameingia akauliza kama anaweza kutolewa hivyo hivyo. Bonyeza akamwambia akae, amsimulie bwana harusi yukoje.

Mimi niliamriwa nirudishe kila kitufe mahali pake. Nimerudisha. Ile lugha imegoma kuondoka, lakini Bonyeza kabandika plasta zake na anasema hahitaji kusoma chochote. Anaishika kamera huku anamtazama mteja, vidole vinatembea vyenyewe. Hajanisema hata neno moja. Kaniletea na chai.

Basi nimehamia kona ya pasipoti. Ni kona tulivu. Jua linafika hapa mchana, linapanda mezani, linakaa juu ya karatasi. Nimepata nafasi ya kutafakari yote yaliyotokea, kwa moyo mweupe, na nimejifunza. Nimejifunza kwamba kosa langu lilikuwa kamera. Kamera anaipenda kila mtu, kila mtu anaitaka, lazima wakugundue. Lakini hiki kikata karatasi nani anakiangalia? Na bila pasipoti studio hii haili.

Nimekichunguza. Mpini upo upande wa kulia, mkubwa, mwekundu, unauona kwa mbali. Unaushusha, karatasi inakatika. Mtu yeyote anaweza kukitumia! Aliyekitengeneza hakufikiria kabisa. Shangazi amesinzia mlangoni, Bonyeza yuko na bi harusi, na mimi nimeshalegeza skrubu ya kwanza.